Nilivyolifanya zimwi liwe mhusika wa mchezo

"Mamdogo, mie safari hii nataka niwe zimwi."

Ndivyo alivyonambia binti wa dada yangu, msimu wa karafuu, tumekaa ukumbini kwetu Wete na daftari zetu juu ya jamvi. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia na kurusha dadu uliotoka Marekani mwaka 1974. Mimi ndiye msimulizi, wao wanne ndio wahusika. Kaka yake akadakia: basi yeye awe Popobawa, lile jinamizi la usiku. Hilo nililikataa pale pale. Mwaka 1995 watu wa Pemba walikesha nje kwa hofu ya kitu hicho, na waliokesha bado wamo majumbani mwetu. Zimwi ni la hadithi, tunalo tangu paukwa pakawa.

Kanuni za msingi za mchezo zinapatikana bure, na tangu 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo nilianzia humo. Kiumbe aliye karibu na zimwi letu anaitwa ogre. Nikambeba kama alivyo: pointi 59 za uhai, nguvu 19, akili 5, na rungu ambalo pigo lake moja ni wastani wa pointi 13. Wenzake walikuwa ngazi ya kwanza, mpiganaji ana pointi 12 na mchawi 8. Pambano likamalizika wengine hawajapata zamu. Na kila walipokaa kupanga njia, mwenye zimwi hana la kuchangia, maana akili ya 5 haimfikishi huko.

"Sasa mie kazi yangu kupiga tu?" akaniuliza, na uso umemshuka.

Wiki iliyofuata nikampunguza. Kipimo changu kilikuwa nusu-orki, mhusika aliye nusu mtu na nusu kiumbe wa vita, aliyemo kwenye kanuni zile zile: nyongeza ya 2 kwenye nguvu, 1 kwenye ustahimilivu, kuona gizani hadi futi 60. Nikampa kimo cha mtu, ila abebe mizigo kama kiumbe mkubwa zaidi. Hesabu zilikaa vizuri. Msichana akaisoma karatasi, akanirudishia.

"Mamdogo, huyu si zimwi. Huyu hamali wa Mkoani."

Alisema kweli. Nilikuwa nimemwondolea njaa, na zimwi bila njaa ni mtu wa miraba minne tu.

Mama alikuwa pembeni anachambua karafuu, vidole vinatenga punje na makonyo wala hatazami. Akasema, kama anayejisemea mwenyewe: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Methali hiyo nimekua nayo, lakini usiku ule niliisikia kama kanuni ya mchezo. Haisemi kwamba halikuli. Linakula, ila halikumalizi.

Basi nikaandika hivi. Zimwi likibakiwa na nusu ya pointi zake za uhai au chini ya hapo, njaa inapanda: mapigo yake yanaongezewa dadu moja la pande 6. Lakini kila zamu mchezaji arushe dadu la pande 20, aongeze nyongeza ya hekima yake, afikie 10. Asipofikia, anampiga aliye karibu naye zaidi, adui au mwenzake. Na kama huyo aliwahi kula naye sinia moja, pigo haliwezi kumfikisha chini ya pointi 1. Akili nikaiacha ya kawaida. Mazimwi ya hadithi zetu yana hila, sijui kwa nini mwanzo nilikubali ile 5.

Tukaijaribu kwenye kisa nilichokiweka katika magofu ya Ras Mkumbuu, usiku, maji yamejaa. Zimwi likajeruhiwa. Msichana akarusha: 7. Aliye karibu alikuwa mganga wao, yaani kaka yake, ambaye mwanzo wa safari waligawana naye pweza. Pigo lingemuua. Akabaki na pointi 1. Ukumbi mzima ukanyamaza, na msichana akamshika kaka yake mkono wa kweli, akamwambia, "Nisamehe."

Tangu hapo ana ukurasa nyuma ya daftari wa majina ya waliokula na zimwi lake. Juzi amejiunga mtoto wa jirani. Hata hajamaliza kuandika jina la mhusika wake, akainua kichwa: "Kabla hatujatoka mjini, mie nataka nile nae kwanza."