Nilidhani ni nguvu za kiume, kumbe sukari

Karibu mwaka mzima nilikuwa mteja wa mkongo, ile dawa ya mitishamba ya nguvu za kiume, pale Majengo, Dodoma. Nachanganya na asali, nakunywa, usiku mambo yaleyale. Nikaanza kuchelewa kurudi nyumbani makusudi, mama watoto akadhani nina nyumba ndogo. (Nguvu hiyo ningeitoa wapi!)

Hospitali, mapokezi niliwaambia naumwa mgongo. Ndani nikakuta daktari kijana, akaniamkia "shikamoo mzee", aibu ikazidi. Nikajikaza nikasema. Hakucheka. Aliuliza kama alfajiri uume husimama wenyewe, kama navuta sigara, usiku nakojoa mara ngapi. Mara nne. Akanipima presha, akanituma maabara nikiwa sijala: sukari 13.8, iko juu sana. Kumbe kisukari kilikuwa kinaharibu mishipa ya damu na ya fahamu, huko chini kukatangulia kulalamika.

Nikaanzishiwa metformini, vidonge vya kushusha sukari, sigara nikaacha, soda pia. Sildenafili, kidonge cha kusaidia uume kusimama, aliniandikia baada ya kuhakikisha situmii dawa za moyo zenye naitreti. Zikikutana, presha hushuka vibaya. Mwezi wa nne wa matibabu, nguvu zikarudi. Siku hizi mama watoto ndiye anayenikumbusha vidonge vya asubuhi.