Jenereta ya jeshi: usikimbilie kufungua injini

Nakodisha vyombo vya sherehe hapa Mwanza: spika, taa, nyaya na umeme wenyewe. Harusi, misiba, mikutano ya injili, kote naitwa. Kwa muda mrefu nilitegemea vijenereta vya petroli vya kubeba mkononi, vile ambavyo MC akianza tu kuwatambulisha wazazi wa bibi harusi, vinakohoa na ukumbi mzima unageuka kukutazama wewe. Kwa hiyo niliposikia kuna jenereta ya dizeli ya jeshi la Marekani imetelekezwa kwenye yadi moja Igoma, ikiwa juu ya tela lake, na mwenyewe anaiuza bei ya kutupa, niliacha shughuli nikaenda kuiangalia.

Bati lake lilisema MEP-803A, kilowati 10, hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Dalali hakujua zaidi ya hapo. "Ni ya jeshi hii mkuu, hizi huwa hazifi." Nyasi zilikuwa zimeota hadi kwenye rimu, tairi zimepasuka pembeni kama kisigino cha mtu anayetembea peku, na panya walikuwa wamejenga ndani ya kabati la injini. Nilichoma kijiti cha oili: nyeusi, lakini si ya rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji hayajaingia kwenye injini. Kisha nikaweka spana kwenye puli ya mbele nikazungusha kwa mkono. Ikazunguka, kwa uzito uleule wa injini yenye kompresheni. Hapo ndipo nilipoanza kuongea bei. Kama ingekuwa imegoma kuzunguka, ningeaga nikaondoka.

Kitu kingine kilichonivuta kilikuwa ndani ya mlango. Wamarekani wamebandika pale mchoro mzima wa nyaya, umechapwa kwenye bati, kila waya na namba yake. Nilipofika nyumbani nikatafuta mtandaoni nikakuta vitabu vyake vya jeshi vipo bure, vya mwendeshaji na vya fundi. Nasema wazi kwamba vitabu hivyo na testa ya kawaida ya umeme vilifanya kazi kubwa kuliko spana zote nilizonazo.

Mashine hii inatumia volti 24 kwenye mfumo wa kuwashia, si 12 kama pikapu yako. Yaani betri mbili za volti 12 zimeunganishwa moja baada ya nyingine, chanya ya hii kwenye hasi ya ile. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameunganisha betri moja ya gari, relei zinalia "tik", stata haisogei, na akahitimisha kwamba stata imekufa. Nilifunga betri mbili za N70 zinazofanana, nikasugua vichwa vya nyaya kwa brashi ya chuma mpaka risasi ikang'aa. Stata ikazunguka vizuri tu.

Ilizunguka lakini haikushika. Hapo nilikuwa nimemwita mzee mmoja wa Mabatini, fundi wa injini za malori, mtu ninayemheshimu. Alisikiliza kidogo akatikisa kichwa. "Kijana wangu, hii kompresheni imekwisha. Tushushe hedi, tupige ringi mpya, tumalize." Nikamwambia, "Mzee wangu, nipe kwanza leo na kesho niifuatilie kwenye mchoro. Ikishindikana, tunashusha." Hakupenda, ila alikubali.

Ndani kuna swichi ndogo inayozungusha stata bila kuruhusu injini iwake. Unaitumia kupandisha oili kabla ya kuwasha mashine iliyolala siku nyingi. Nikaishika, nikawa naangalia geji ya oili. Mshale ukaamka taratibu, ukapanda, ukatulia. Kwa hiyo pampu ya oili ilikuwa nzima na njia zake hazijaziba, na kompresheni nilikwisha kuisikia kwa mkono siku ya kwanza, nami nikawa na kila sababu ya kuiacha hedi mahali pake. Swali lililobaki likawa moja: dizeli inafika?

Haikuwa inafika. Swichi kuu ikiwekwa kwenye nafasi ya kuvuta mafuta, unatakiwa usikie pampu ya umeme ikigonga, tak-tak-tak. Hapa kulikuwa kimya. Testa ilionyesha volti 24 kabla ya kiunganishi na sifuri baada yake. Nilipokifungua, pini moja ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Huku kwetu ziwani hewa ina unyevu mwaka mzima, na shaba isiyofunikwa vizuri haina maisha marefu. Nilikata, nikaunga upya, nikapaka grisi. Pampu ikaanza kugonga, na kilichotoka kwenye mrija hakikuwa dizeli, kilikuwa uji wa kahawia wenye harufu ya varnishi. Dizeli iliyokaa na maji chini ya tenki huota wadudu wasioonekana kwa macho, na uchafu wao ndio huo unaoziba vichujio. Tenki tulilishusha tukalisafisha, vichujio vyote vikabadilishwa, na tukatoa upepo kwenye njia ya mafuta mpaka dizeli ikatoka bila povu.

Ikawaka. Moshi mweupe, kisha mweusi, kisha sauti ikatulia. Kijana wangu wa kazi akaachia swichi ya stata kwa furaha, na injini ikazima palepale. Akawasha tena, ikashika, akaachia, ikazima.

Hapa ndipo mashine ya jeshi inapotofautiana na jenereta za dukani. Kwenye paneli kuna swichi yenye kifuniko chake, imeandikwa BATTLE SHORT. Kazi yake ni kuziruka karibu kinga zote: oili ikishuka, joto likipanda, mafuta yakiisha, injini isizime, kwa sababu vitani umeme unaweza kuwa na thamani kuliko injini. Kwa fundi, swichi hiyo ni kipimo kizuri sana. Niliiinua, nikawasha, nikaachia, injini ikaendelea. Kwa hiyo tatizo halikuwa kwenye injini, lilikuwa kwa mmoja wa walinzi wake. Niliizima haraka na kurudisha kifuniko, maana nimeona watu wanaoacha swichi kama hizi zimewashwa moja kwa moja, halafu mkanda wa feni ukikatika wanakuja kulia injini imeungua.

Nikapima walinzi mmoja mmoja nikifuata namba kwenye bati. Oili, sawa. Joto, sawa. Boya la tenki, hapana. Ule uji wa kahawia ulikuwa umeligandisha boya chini, likawa linaiambia mashine kwamba tenki ni tupu hata tulipokwisha kulijaza. Nililiosha kwa dizeli safi na kitambaa, nikalichezesha juu na chini kwa kidole mpaka testa ikalia kila mara. Gharama yake ilikuwa kitambaa. Mzee wa Mabatini alipopita jioni na kuikuta inanguruma, alizunguka kabati lote, akaweka kiganja juu ya bomba la ekzosi, akasema, "Haya bwana," akaomba soda.

Injini ikawa inaenda, lakini geji ya volti ikalala kwenye sifuri. Safari hii alikuja fundi wa kusuka mota, naye akapendekeza kuisuka upya. Kila fundi anaona ugonjwa wa kazi yake. Kitabu cha mwendeshaji kilisema usiachie swichi ya kuwashia mara injini inaposhika, kama unavyofanya kwenye gari. Unaishikilia mpaka kasi itulie na volti zionekane, kwa sababu wakati huo betri inaipa koili ya uga, ile inayotengeneza sumaku, umeme kidogo wa kuishtua. Jenereta iliyokaa sana hupoteza ile sumaku kidogo inayobaki kwenye chuma chake, na bila kushtuliwa haitoi kitu hata ukiizungusha wiki nzima. Kijana akawasha, akashikilia. Mshale ukaruka hadi 240. Yule fundi wa kusuka alicheka mwenyewe.

Sasa niseme habari ya hezi 60, kwa sababu ndipo wengi wataumia wakinunua hizi. Umeme wa TANESCO ni hezi 50. Mashine hii inazunguka mara 1,800 kwa dakika na kutoa hezi 60. Niliambiwa nipunguze kasi hadi 1,500 ili nipate hezi 50. Inawezekana, lakini kwa mashine iliyosukwa kwa 60, ukilazimisha volti zilezile kwenye kasi ndogo, koili zinavuta zaidi na kupata moto, na nguvu yenyewe inapungua. Niliamua kuiacha ilivyo na kuchagua mizigo. Amplifaya, taa za LED, kompyuta, chaja za simu, hivi vingi vimeandikwa 50/60 nyuma na havijali. Pampu ya maji ya hezi 50 siiungi, kwa sababu itazunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia 20 na mzigo wake utapanda kupita kiasi. Mpishi akija na friji lake, nasoma kwanza kibati cha nyuma. Wengine wananuna.

La pili ni hatari zaidi. Ile 240 ya Kimarekani imegawanywa katikati: waya mbili zote zina moto, kila moja volti 120 kwenda kwenye nyutro. Ukichomeka bisibisi yenye taa kwenye soketi, inawaka tundu la kulia na la kushoto. Fundi mmoja wa ukumbi alinifokea kwamba nimechanganya waya. Sikuchanganya. Maana yake ni kwamba swichi inayokata waya mmoja tu haijakuzimia kitu, taa imezima lakini holda bado ina moto. Kwenye boksi langu la kugawia umeme kila breka ni ya poli mbili, yaani inakata waya zote mbili, na juu yake nimeweka RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja. Hapo sikubani pesa.

Na ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Mji wetu ni wa mawe, kila mtu anajua, lakini hujui kwa kweli mpaka uwe na nondo ya shaba na nyundo mlimani Bugando saa nne asubuhi. Unapiga, inazama kiganja kimoja, inagonga mwamba, inapinda. Siku hizi nabeba nondo mbili fupi na waya mrefu, natafuta mahali penye udongo, mara nyingi pembeni ya mtaro au chini ya mti, nazipiga zikiwa zimeachana na kumwaga ndoo ya maji.

Kabla ya kuipeleka kazini nilihitaji kuiunguza taka zake. Ekzosi ilikuwa inadondosha utelezi mweusi, dalili ya dizeli iliyofanya kazi bila mzigo, mafuta hayaungui yote yanagandia ndani. Dawa ni mzigo mzito. Nilichukua pipa la maji, nikatumbukiza hita za kuchemshia maji, nikaongeza moja baada ya nyingine mpaka ikafika karibu kilowati 8, tukakaa. Moshi mweusi ulitoka mwingi, ukapungua, mwishowe bomba likabaki na joto tu. Maji yalichemka kweli. Mama muuza chakula wa jirani aliuliza kama tuna msiba, maana pipa linatoa mvuke na hakuna ng'ombe.

Tela lilikuwa rahisi, ingawa lilikula pesa. Tairi mpya, beringi zikaoshwa na kujazwa grisi upya, taa za volti 24 zikabadilishwa kwa balbu za 12 ili zisikilize pikapu. Mbele lina pete nene ya chuma, na pikapu zetu zina tufe la chuma la kukokotea. Fundi wa kuchomelea alitaka kuikata pete aweke kishikio cha kawaida, nikakataa. Nilinunua ndoano ya lori chakavu, tukaifunga kwa boliti kwenye chesisi ya pikapu, si kwenye bampa. Mtambo peke yake ni zaidi ya nusu tani na bampa ni bati tu. Rangi nayo nilibadilisha ikawa bluu. Kijani cha jeshi barabarani kinaleta maswali, na mimi sitaki kujieleza kila kizuizi.

Sasa inafanya kazi. Imeshavuka hadi Sengerema kwa daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Zamani kuivusha ingekuwa foleni ya kivuko na mashaka ya kurudi usiku. Ikibeba spika zote na taa inakula lita tatu hivi kwa saa, na kwa sababu imefungiwa ndani ya kabati la kupunguza kelele, naiegesha nyuma ya ukumbi na watu wanaongea bila kupaza sauti.

Kilichobaki ni geji ya mafuta, ambayo inaonyesha nusu wakati wote hata tenki likiwa limejaa. Spea yake sijaipata hapa, kwa hiyo napima kwa kijiti nilichokichonga alama, na kijana ana amri ya kukichomeka kila MC anapotangaza chakula.