Hong Kong kwa Nauli ya Wenyeji

Kutoka uwanja wa ndege nilipanda basi la A21 nikaiacha treni ya kasi. Treni hufika mapema zaidi, lakini nauli yake ni kubwa na huoni mengi. Basi hili ni la ghorofa. Ukiwahi kiti cha mbele kule juu, unavuka daraja la Tsing Ma, ambalo kipande chake cha kati kina urefu wa mita 1,377, na bahari yote unaiona huko chini. Nilishuka Nathan Road, hatua chache kutoka Chungking Mansions.

Wafanyabiashara wengi wa Kiafrika wanalijua jengo hili. Lilijengwa mwaka 1961, lina ghorofa 17, na mtu mwenye begi la mgongoni na fedha kidogo hupata kitanda humo. Chini kuna simu za jumla, vibanda vya kubadilishia fedha na harufu ya biriani. Juu ni gesti juu ya gesti. Kila upande una lifti mbili, moja ya ghorofa za witiri na nyingine za shufwa, kwa hiyo foleni haiishi. Humo kwenye foleni nilisikia Kiswahili nyuma yangu, nikageuka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Chumba kione kwanza, ndipo ulipe.”

Nikafanya hivyo. Chumba nilichokichukua kilitosha kitanda na begi, basi. Ila kilikuwa safi, na gati la Star Ferry lilikuwa karibu, nafika kwa miguu.

Hapo gatini ndipo mji ulinifungukia. Feri hizi zinavusha watu kati ya Kowloon, upande niliofikia, na kisiwa cha Hong Kong tangu karne ya 19, na hadi leo mabaharia wanavaa sare za buluu na kuivuta kamba kwa mti wenye ndoano. Nilikaa ghorofa ya chini, ambayo ni nafuu zaidi na iko karibu na maji. Mbele yako majengo marefu yamejipanga hadi mlimani, na unayatazama kwa dola chache tu za Hong Kong. Wenyeji wanaithamini sana nauli hiyo. Mwaka 1966, ilipotakiwa kupandishwa kwa senti 5 kwa daraja la kwanza, kijana So Sau-chung aligoma kula pale gatini, na hasira ya watu ikaishia kuwa ghasia mitaani. Nilipokaa kati ya watu waliokuwa wakienda kazini, nilielewa kwa nini.

Ng’ambo ya pili kuna tramu, zilizoanza mwaka 1904 na sasa ni za ghorofa. Unaingia kwa nyuma, unalipa mbele wakati wa kushuka, na nauli ni ileile hata ukienda mpaka mwisho wa njia. Nilipanda hadi North Point, pale tramu inapojipenyeza katikati ya soko la Chun Yeung huku wanunuzi na vikapu vyao wakisogea kidogo tu kuipisha. Kwangu mimi hakuna jumba la makumbusho linalozidi kile kiti cha juu, dirisha likiwa wazi.

Ilikuwa Jumapili. Huko Central, mtaa wa mabenki na maofisi, chini ya makao makuu ya benki ya HSBC na katika barabara za jirani, wanawake wa Kifilipino walikuwa wametandika maboksi na kukaa kwa makundi: wanakula, wanasukana, wanafunga vifurushi vya kutuma nyumbani. Ni wafanyakazi wa majumbani, na sheria inawapa siku moja ya mapumziko kila wiki. Niliwaza dada zetu walioko Uarabuni. Sikupiga picha, nilisalimia, nikapita.

Kutoka hapo, ngazi za umeme za Mid-Levels zinakupandisha mlimani bure, kwa zaidi ya mita 800. Zilifunguliwa mwaka 1993. Asubuhi hadi saa nne zinashuka na watu wa maofisini, baada ya hapo zinapanda. Zilipoishia niliendelea kwa miguu kupitia Old Peak Road, mwinuko mkali hasa, mpaka Lugard Road, njia inayozunguka kilele cha mlima Victoria Peak chini ya miti. Watalii wengi hulipia kibaraza cha juu ya jengo la huko kileleni. Huku chini unaona bandari ileile bila kulipa chochote. Lugard mwenyewe ndiye yule afisa Mwingereza aliyejenga ngome Kampala mwaka 1890, kabla hajawa gavana hapa kuanzia 1907. Kumkuta tena mbali kiasi hiki, jina lake limebandikwa kwenye njia ya kutembelea, kulinisimamisha kwa muda.

Giza lilipoingia nikateremka na basi namba 15. Nilikuwa nimeshapanga safari ya kesho yake: kisiwa cha Cheung Chau, kwa feri ya kawaida, maana ile ya kasi ni ghali zaidi.