Siku moja maishani mwangu: nasaka asili ya mchanga wa Malindi

Kazi yangu ni kujua mchanga wa ufuo umetoka wapi. Wapita njia wakiniona nimeinama na vikopo vyangu huamua wenyewe: huyu anatafuta titani, huyu katumwa na bwenyenye kupima kiwanja. Mimi nasoma safari ya mchanga, na ni kazi ninayoipenda kwa dhati.

Saa kumi na moja alfajiri. Chai, vikopo, ramani, bodaboda.

Saa kumi na mbili na nusu. Mdomo wa Mto Sabaki, kaskazini mwa mji. Maji ni ya kahawia. Yameanza karibu na Nairobi kwa jina la Athi, yakaitwa Galana baada ya kukutana na Mto Tsavo, na huku mwisho ndiyo Sabaki, na njiani yamekwangua miamba ya kale ya bara. Nachota, naandika, naondoka.

Saa nne. Ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na sasa yamekupwa vizuri mbele ya hoteli za Malindi. Sijajaza kikopo cha pili, askari wa hoteli moja akaja mbio.

"Dada, mwaga huo mchanga! Ni mali ya hoteli."

Nikampa barua ya kazi. Hakuisoma. Nikamwambia Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Akajibu kwamba yeye anamsikiliza meneja, na meneja yuko mkutanoni. Basi nikasimama juani. Jua likapanda, maji yakaanza kurudi, na kila mstari niliopanga kuchota ukafunikwa nikiutazama. Hakuna kinachonichosha kama hicho, kwa sababu bamvua haimngojei mtu.

Karibu yetu mzee mmoja alikuwa akishona nyavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwagombania mchanga ambao nilipokuwa kijana haukuwapo. Hapo uliposimama tulikuwa twafunga mashua."

Akaelekeza kidole upande wa Sabaki: "Kaskazi ndiyo huuleta." Na ndivyo ilivyo. Upepo wa kaskazi husukuma mchanga wa mto hadi ghuba ya Malindi, upepo wa kusi huurudisha upande wa Mambrui, kaskazini mwa mto.

Meneja alipofika alisoma mistari miwili ya barua, akaniruhusu, bila hata pole. Nilichota nikiwa ndani ya maji hadi magotini.

Mchana uliobaki ni maabara. Kuosha chumvi, kukausha, kuchekecha. Umeme ulikatika, kwa hiyo chekeche zote tulizitikisa kwa mikono, na mgongo bado unauma ninapoandika haya. Sijui ilikuwa saa ngapi umeme uliporudi, tukaweza kuwasha hadubini.

Hapo uchovu hupungua. Mchanga mweupe wa Watamu, ufuo jirani upande wa kusini, ukiudondoshea asidi huchemka povu: ni chokaa tupu, vipande vya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Sehemu yake ni mavi ya pono, samaki anayetafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga. Wa Malindi hutoa povu kidogo sana. Chini ya hadubini unaona madini ya miamba ya bara: kwatzi, ulanga unaometa, na chembe nyeusi zinazorukia sumaku niliyoifunga kwa karatasi.

Fuo mbili jirani, wazazi tofauti. Wa Watamu utaisha tukiua matumbawe na kuvua pono wote. Wa Malindi unategemea mto, kwa hiyo malori yanayozoa mchanga kwenye mito ya Makueni, huko bara, na mabwawa kama la Thwake kwenye Athi, ni habari yetu sisi wa pwani pia. Hilo ndilo ninalotaka watu waone, hasa wanaoidhinisha ujenzi.

Lebo zimeandikwa. Kusi ikiingia nitachota tena sehemu zilezile, mbele ya hoteli ileile, na matokeo nitampelekea meneja yule. Yule mzee nitamsomea mwenyewe.