Springi ya upande wa dereva

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa Mama. Binti yangu alikuwa amekaa chini anapekua ile bahasha ya picha za zamani, akanijia na picha ya Land Rover.

"Baba, mbona gari la babu limelala upande? Liliingia kwenye shimo?"

Nikaichukua. Hakuna shimo pale. Ni uwanja wetu wa nyumbani, udongo mwekundu wa Karatu uliokanyagwa miaka hadi ukawa kama sakafu. Gari limesimama peke yake, halina mtu. Upande wa kulia, wa usukani, umeinuka kuliko wa kushoto, labda unene wa kidole gumba. Mtoto ana jicho kali. Nikamwambia nitamweleza, akarudi kwenye bahasha yake. Mpaka leo sijamweleza.

Ilikuwa 1998. Mvua za El Niño, zile zilizoanza mwishoni mwa 1997, zilikuwa zimepita na kuacha barabara ya Mang'ola mifupa mitupu. Lami yenyewe ilikuwa haijafika Karatu, sembuse huko bondeni. Baba alikuwa anashuka na ile Land Rover 109 kufuata vitunguu, anapanda nayo imejaa hadi juu ya kingo. Ile ilikuwa pikapu, tangi la mafuta liko chini ya kiti cha dereva, kwa hiyo upande wa kulia ulikuwa unabeba Baba na mafuta kwa pamoja, safari zote hizo, miaka yote hiyo. Springi ya nyuma kulia ilikatika majani mawili, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Tuliyafunga kwa mpira wa tyubu tukaendelea. Shokapu zilikuwa zimelowa oili kuanzia katikati hadi chini, vumbi limegandia juu yake kama ugali uliokauka kwenye mwiko.

Fundi alipoitwa hakufungua kitu kwanza. Aliegemea kona ya nyuma ya gari kwa mikono miwili, akaisukuma chini, akaiachia. Likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. Akahesabu kwa sauti hadi tano. "Gari zima linapanda mara moja, linatulia," alisema. "Hili linacheza ngoma."

Mpaka siku ile nilidhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Fundi alinisahihisha, na tangu hapo nimewasahihisha watu wengi. Anayebeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi: ndani kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na kule kujikamua ndiko kunakoumaliza mrusho. Ndiyo maana baada ya barabara mbaya ukiishika inakuwa ya moto. Oili ikishavuja, springi inabaki inajirukia yenyewe, tairi linadunda badala ya kushika barabara, na majani yanachoka hadi yanakatika. Basi ukibadilisha springi ukaacha shokapu zilizokufa, umetupa hela.

Baba alikubali springi zote nne na shokapu zote nne. Hilo lilinishangaza, kwa sababu Baba alikuwa mtu wa kufunga kwa mpira wa tyubu. Alisema ni kwa ajili ya mgongo wa Mama.

Habari ya kwenda Arusha kununua naipita. Ya yubolti zilizoganda, zile bolti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli, naipita pia, ingawa tulizilaza usiku kucha na mafuta ya taa na bado mbili zilikatwa kwa msumeno. Bushi za kwenye chesisi, yale maganda ya chuma yenye mpira ndani ambamo springi hushikwa kwa bolti, zilikataa kutoka mpaka fundi alipoziunguza mpira wake kwa moto wa gesi, kisha akakata ganda la chuma lililobaki, taratibu, asiguse chesisi. Harufu ile ya mpira ilikaa kwenye shati langu wiki nzima.

Ila kuna jambo moja siwezi kulipita. Nilizishusha springi mpya nikataka kuanza kuzipanga, fundi akanizuia. Akachukua mbili za nyuma, akazilaza mgongo kwa mgongo juu ya turubai. Moja ilikuwa na mkunjo mkubwa kuliko mwenzake.

"Unaona? Hizi si mapacha. Hii iliyokunjika zaidi ni ya dereva. Waliotengeneza walijua upande ule hauwi mtupu. Gari likilala bila mtu litainuka kulia. Dereva akipanda, linanyooka."

Niliipenda habari ile. Nilimwangalia Baba aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kivulini, nikafikiri: kuna mtu huko Uingereza, hamjui, hajawahi kumwona, lakini alipokunja chuma alikumbuka kwamba kuna dereva atakaa hapa.

Siku ya tatu, alasiri, kila kitu kilikuwa mahali pake. Yubolti zimekazwa. Shokapu mpya zinang'aa. Zilibaki bolti za kwenye bushi, na zile fundi alikuwa ameziacha makusudi, zimeshikwa kwa mkono tu. Tukatoa jeki na magogo, gari likasimama kwa miguu yake. Alinieleza kwamba mpira wa bushi hauzunguki ndani ya ganda lake, unajipinda tu. Ukizikaza gari likiwa linaning'inia, mpira unafungwa ukiwa umeshapindwa, na siku gari linapokaa chini unakuwa unavutwa saa zote hadi unachanika. Kwa hiyo gari likae kwanza kama litakavyokaa barabarani, dereva akiwa ndani, ndipo ukaze.

"Mzee, tunaomba ukae kwenye kiti chako."

Baba akainuka kwenye kigoda. Akafungua mlango, akashika usukani, akaweka mguu mmoja, akapumzika kidogo, akaingia. Akafunga mlango. Fundi alikuwa chalichali chini ya gari, nyuma kulia, spana mkononi, macho kwenye springi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni yake nimeshika taa ya mkono.

Tukasubiri.

Kuku walikuwa wanaparura pale kwenye takataka za kutu tulizozifagia. Naikumbuka sauti ile, kwa sababu hapakuwa na nyingine.

"Mzee, bado hujakaa?" fundi akauliza.

"Nimekaa," Baba akajibu kutoka juu.

Fundi hakusema kitu. Aligeuza kichwa akaniangalia. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, una grisi kwenye shavu, na hakuuliza chochote. Mimi ndiye niliyetazama pembeni.

Baba alikuwa mtu wa kilo tisini na kitu. Tulizijua kwa sababu alikuwa na desturi ya kujipima kwenye mizani ya vitunguu kule Mang'ola, akirudi anatutangazia. Nikiwa nimechuchumaa pale nikagundua kwamba muda mrefu hajatangaza. Mkanda wake ulikuwa na matundu mapya yaliyotobolewa kwa msumari. Nilikuwa nimeyaona, tena mara nyingi. Mama alikuwa ameyaona. Nyumba nzima tulikuwa tunapika, tunakula, tunasali, na hakuna aliyekuwa amelitamka.

Fundi akatoka chini, akajipangusa mikono. Akaenda dirishani kwa Baba, akaongea kwa ile sauti ya heshima ya mtu anayemweleza mwenye gari kuhusu gari lake.

"Mzee, springi mpya huwa ngumu. Zinataka uzito kidogo zizoee." Kisha akanigeukia. "Kijana, leta lile gunia la vitunguu lililobaki stoo. Liweke hapa nyuma ya kiti cha Mzee."

Nikalileta. Nikalipandisha. Gari likashuka kidogo upande ule, nililiona kwa macho yangu, likatulia. Fundi akarudi chini akakaza bolti moja baada ya nyingine, mbele na nyuma, bila haraka. Baba alikuwa ameweka mikono yote miwili kwenye usukani anaangalia mbele, kama mtu aliye safarini.

Jioni fundi alilipwa hela yake yote, hakupunguza hata shilingi. Kwa miaka kadhaa nilimwekea kinyongo kwa hilo. Sasa nadhani nilikosea. Alimtendea Baba kama mtu mwenye gari, wala si kama mgonjwa, na sina hakika kama sisi wa nyumbani tulikuwa bado tunaweza kufanya hivyo. Sijawahi kumuuliza alichokiona kule chini. Tumekutana mara nyingi, tunaongea bei ya vipuri.

Baba aliendesha lile gari kwa miezi tisa zaidi. Mama alisema mgongo umepona.

Lakini siku ile yenyewe, baada ya gunia kushushwa, Baba hakutoka ndani ya gari mara moja. Aliniita kwa dirisha.

"Nenda mbele ukaliangalie. Limenyooka?"

Nikaenda hadi kwenye mwembe, nikageuka, nikachuchumaa usawa wa bampa kama alivyokuwa amenifundisha mwenyewe. Jua lilikuwa nyuma yangu, linampiga usoni, amekunja macho anasubiri jibu. Upande wake ulikuwa juu.

"Limenyooka, Baba," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akawasha gari.

Ile picha niliipiga siku mbili baadaye. Gari tupu, limeinuka kulia, kama fundi alivyosema litakavyokuwa. Sehemu hiyo ya jibu naweza kumpa binti yangu leo hii, hata kumchorea springi mbili mgongo kwa mgongo. Ataelewa haraka. Kisha najua atakachouliza, kwa sababu hajawahi kuacha swali katikati: na babu akipanda?