Riwaya iliyotugawanya
Jana kundi letu la kusoma tumemalizana na Mr. Penumbra's 24-Hour Bookstore ya Robin Sloan, ile ya 2012, kijana kapoteza kazi huko San Francisco anaishia kuuza vitabu usiku, jamani nimeipenda! Wawili walisema fumbo lililofichwa kwenye vitabu vya duka hilo ni jepesi mno, eti kompyuta zinamaliza kila kitu, mi nikabisha sana maana kompyuta zenyewe zilishindwa (samahani kama hujaisoma). Kilichonigusa zaidi humo riwayani ni Aldus Manutius, huyu aliishi kweli, mchapishaji wa Venice, mwaka 1501 akaanza kutoa vitabu vidogo vya kushika mkononi, yaani hiyo ndo ilikuwa teknolojia ya wakati ule! Dada mmoja akasema basi simu zetu ni wajukuu wa Aldus, hapo ndo ubishi ukaanza upya.