Daftari la madeni ya maji, Shinyanga 2009

Waliokulia Shinyanga mjini wanajua, zamani maji yalikuwa ni hela. Bwawa la Ning'hwa lilikuwepo na mabomba yalikuwepo, ila kiangazi kikikaza kwetu Ngokolo ukifungua koki unatoka upepo tu, hapo unawategemea wauza maji wa baiskeli. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mmoja wao. Anaamka saa tisa usiku anaenda kuchimba mchanga kule mto Mhumbu, mto wenyewe umekauka juu ila ukichimba maji yanachuruzika chini, anachota kwa kata kidogo kidogo mpaka dumu lijae, kukikucha anaingia mtaani na madumu yamefungwa kwa mpira huku na huku. Dumu la lita 20 shilingi 200, kiangazi kikichachamaa hata 500.

Na wengi walikuwa wanakopa. Mama lishe, wafyatua tofali, mwenye saluni, wenye nyumba zao, wote utasikia mjomba andika. Yeye shule aliishia mapema kwahiyo daftari nilikuwa naandika mimi, nilikuwa sekondari, jioni tukishakula michembe ananitajia majina na mimi nachora vijiti, kijiti kimoja dumu moja.

Habari za kuletewa maji ya Ziwa Victoria tulizisikia miaka na miaka, tangu Lowassa akiwa waziri wa maji. Kwenye kijiwe cha kahawa wazee walikuwa wanabishana kuhusu Misri, kwamba kuna mkataba wa 1929 Mwingereza alikubaliana nao maji ya mto Nile, pamoja na ya Ziwa unakotokea, yasiguswe bila wao kuridhia, na sisi tumekataa kufungwa na karatasi ya mkoloni tukajenga kwa hela zetu wenyewe, mabilioni kwa mabilioni. Nilikuwa naona fahari sana na mpaka leo naona. Maji yanavutwa Ihelele kule Misungwi, yanasafishwa, yanapita Solwa mpaka Shinyanga na Kahama, na mwaka 2009 Rais Kikwete akauzindua mradi.

Siku kilula cha mtaani kwetu, yaani kibanda cha bomba la kuuzia maji, kilipofunguliwa nilikuwepo. Ndoo shilingi 20. Kina mama walikuwa wanapiga vigelegele, watoto wanajimwagia, bibi mmoja alikinga mkono akanywa akasema haya hayana chumvi jamani. Mjomba akatokea na mzigo wake kutoka Mhumbu, akasimama pembeni ameshika baiskeli, akawaamkia watu mwangaluka, wakamuitikia vizuri tu, ila hakuna aliyenunua. Akayafungua madumu akamwagia miche ya mipapai ya jirani, hakuongea kitu.

Jioni akaniambia lete daftari.

Tukaanza kuzunguka kudai na hapo ndo nilijifunza biashara ya mkopo inavyokaa. Mtu alikuwa anamlipa mjomba kwa sababu kesho atamhitaji tena, asipolipa hapati maji, basi. Sasa kesho hamhitaji! Mwenye saluni akasema pitia mwisho wa mwezi. Mama mmoja wa nyumba kubwa akatuambia hivyo vijiti tumechora wenyewe, mimi nilitetemeka kwa hasira ila mjomba akanivuta akasema sawa mama tutakuja siku nyingine. Kuna wengine walikuwa wakimuona tu anapinda kona wanaingia ndani.

Mama lishe wa karibu na soko yeye alilipa yote, tena alitukalisha akatupa chai. Huyu maji ya Ziwa yalimuinua kweli, maana zamani nusu ya faida ilikuwa inaishia kwenye madumu, na sahani alikuwa anaziosha kwa maji yaleyale mpaka yanakuwa tope. Akaongeza sufuria la pili la wali, akaajiri binti wa kuosha vyombo, nyuma ya banda akapanda mchicha akawa anauza mafungu. Viwanja navyo vikaanza kupanda bei, watu wakaanza kujenga hata kiangazi. Kwahiyo mtu akiniambia ule mradi haukuleta maendeleo nitambishia mpaka asubuhi. Ila sikumbuki hata kikao kimoja mtaani kwetu cha kuwauliza vijana waliokuwa wanabeba mji mzima kwenye baiskeli kwamba nyie sasa mtakula nini, na hilo linaniuma, kwa sababu walikuwa wengi na wana familia.

Deni kubwa kuliko yote lilikuwa la mfyatua tofali. Akatuambia ukweli, hela sina, ila tanuru hilo hapo. Mjomba akaenda kuchagua mwenyewe, anagonga moja moja anasikiliza mlio, ambayo haijaiva anairudisha, akazisomba kwa baiskeli ileile hadi kiwanjani kwa bibi. Akainua chumba kimoja, akampangisha mwalimu. Baiskeli akaitia kiti cha sponji akaingia kwenye daladala, Shinyanga wakati huo daladala zilikuwa ni baiskeli za abiria, akapiga hiyo kazi hadi bodaboda zilipojaa, ikabidi aanze tena upya, safari hii akafuata kilimo cha bustani kwa mama lishe.

Yule mama wa nyumba kubwa hajalipa mpaka leo. Wakikutana sokoni Nguzo Nane mjomba anamuamkia, na yeye anaitikia, wanaulizana habari za watoto.